Kabla ya Kununua Saa ya Kupima Uchovu wa Mwanamichezo

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, wakati saa za kupima mapigo ya moyo hazijaenea madukani. Leo wanamichezo wa Musoma, Bunda na Butiama huuziwa saa zinazodai kuonesha, kwa asilimia, kiasi ambacho mwili umerejesha nguvu. Mlaji anapaswa kufahamu anachokinunua.

Saa hupima nini?
Saa humulika ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo, kisha programu yake hukadiria uchovu. Asilimia hiyo ni makadirio tu. Saa ikilegea mkononi, hata hesabu ya mapigo huweza kukosewa.

Vipimo visivyo na gharama
1. Mapigo ya asubuhi. Kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu kwa dakika moja. Andika kila siku kwa wiki mbili ili ujue kiwango chako cha kawaida.
2. Uzito wa mazoezi. Nusu saa baada ya mazoezi, yape alama kuanzia 0 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika ulizotumia. Dakika 60 zenye alama 7 ni 420. Jumla ya wiki isipande ghafla.
3. Usingizi, hamu ya kula na ari. Viandike katika daftari hilohilo.

Jilinganishe na kumbukumbu zako mwenyewe, si za mwenzako.

Tahadhari
Mapigo yakibaki juu ya kawaida kwa siku kadhaa, au uchovu usipoisha baada ya mapumziko, usikimbilie kununua saa wala dawa za kuongeza nguvu. Katika Kanda ya Ziwa, uchovu huweza kutokana na malaria, kichocho au upungufu wa damu, na saa haipimi maradhi hayo. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Mwenye homa asifanye mazoezi.

Ukiamua kununua
Hakikisha saa inafanya kazi na simu yako. Dai risiti na dhamana ya maandishi, na uvihifadhi. Ukiuziwa bidhaa bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani. Kuuza bidhaa hizo ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa.