Mke Si Mgeni Nyumbani Mwake: Kuishi na Baridi Yabisi

Siku ya arusi kila mmoja wetu aliahidi kumpenda mwenzake akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Wengi tulipotamka ahadi hiyo tulikuwa tukifikiria malaria: wiki moja kitandani, dawa, supu, kisha kila mtu anarudi kazini kwake. Hatukufikiria ugonjwa usioua upesi wala kupona, unaoamka pamoja nasi kila asubuhi kwa miaka ishirini. Somo letu safari hii ni juu ya ugonjwa wa namna hiyo, na tumechagua mmoja ulio katika nyumba nyingi, yaani baridi yabisi ya viungo.

Kwanza tuelewane juu ya jina, maana watu huita baridi yabisi kila maumivu ya mifupa. Nyanya ambaye goti lake limechoka kwa kubeba kuni na maji miaka hamsini ana ugonjwa mwingine. Kwake gegedu ya goti imelika. Huu tunaousema hutokea pale kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu vya magonjwa, inapogeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Vidole, vifundo vya mikono na nyayo huvimba, mara nyingi mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Asubuhi viungo hukakamaa kwa saa moja au zaidi. Usipotibiwa mapema, vidole hupinda na havirudi tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa nao, na katika kila 100, kama 70 ni wanawake. Unaweza kumpata mama wa miaka 30 mwenye mtoto mgongoni. Hauletwi na baridi ya Julai wala jicho la jirani, ingawa wagonjwa wengi husema siku za baridi huwaumiza zaidi.

"Mbona jana uliweza?"

Vidole vilivyovimba vinaonekana kwa macho. Kisichoonekana ni uchovu, na huo ndio unaoleta maneno nyumbani. Ugonjwa wenyewe huchosha mwili, na mara nyingi hupunguza damu pia. Bibi anaamka akiwa kama mtu aliyelima usiku kucha. Saa mbili asubuhi hawezi kushika kikombe. Saa tisa alasiri bwana anapita nyumbani ghafla na kumkuta uani na majirani, anacheka na kumenya njegere. Bwana anajumlisha moja na moja na kuona kwamba anachezewa akili.

Hachezewi. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda. Viungo hulegea kadiri siku inavyosonga, halafu kuna wiki nzuri na wiki mbaya, na wiki mbaya haipigi hodi. Swali la "mbona jana uliweza?" huonekana dogo, lakini likirudiwa mara tatu bibi ataacha kusema ukweli. Siku nzuri ataficha kwamba ni nzuri, asije akadaiwa kesho, na hata siku mbaya atajikaza asionekane mvivu. Mkifika hapo mnaishi na siri, na ugonjwa peke yake ulikuwa mzigo wa kutosha. Afadhali kuulizana kila asubuhi kwa maneno machache: "Mama watoto, leo mikono ikoje?" Naye ajibu kwa kweli, kwa maana yule anayejibu "ni sawa tu" huku akiuma meno hamsaidii mwenzake.

Wema unaomwondoa mtu

Lakini tusimseme bwana mkali peke yake. Yuko bwana mwema, naye anaweza kukosea kwa njia nyingine. Tuchukue mfano. Bibi ameambiwa na daktari ana baridi yabisi. Bwana anahurumia, anatafuta msichana wa kazi, na kumwambia bibi yake, "Wewe usiguse kitu. Kaa tu upumzike." Mwezi wa kwanza bibi anashukuru. Kufikia mwezi wa sita anaulizia chumvi iko wapi katika jikoni yake mwenyewe. Watoto wanamwomba msichana ruhusa ya kwenda kucheza. Bwana naye, akitaka kula githeri au ndengu, anamwambia msichana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Msichana anafanya kazi aliyoajiriwa, bwana analipa mshahara, watoto wanakula. Hata hivyo kuna mtu mmoja aliyeondolewa nyumbani mwake huku amekaa sebuleni.

Bibi wa namna hiyo huanza kulia bila sababu inayojulikana, na watu husema ugonjwa umepanda kichwani. Hata viungo vyenyewe havipendi kukaa tu. Siku ambazo vimewaka na kuvimba vinahitaji kupumzishwa, ndiyo, lakini vikikaa wiki baada ya wiki bila kazi huzidi kukakamaa, na nyama za mikono na mapaja hupungua nguvu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "kazi gani tumwondolee?" ulizeni "kazi gani anataka ibaki yake?" Na aulizwe mwenyewe, si dada yake wala mama mkwe.

Chapati za Jumapili

Mara nyingi atajibu jambo dogo ambalo bwana hakulitarajia. Hasemi kufua wala kupiga deki. Anasema chapati za Jumapili.

Tuziangalie basi. Kukanda unga ni adui wa vifundo vya mikono, kwa sababu kunasukuma na kupinda kwa pamoja. Lakini mvulana wa miaka 14 ana mabega ya kukanda kilo mbili, na hatapungukiwa na uanaume. Mama akae kwenye kiti cha kawaida chenye mgongo, asikae kigodani, maana kuinuka kigodani ni adhabu. Yeye ndiye anayepima chumvi na maji kwa jicho. Ndiye anayebonyeza unga na kusema, "Bado, ongeza mafuta kidogo, endelea." Kusukuma kwa mpini awaachie wengine, au asukume mbili tatu kwa viganja kama mikono inakubali. Kugeuza kwenye kikaango kunaweza kuwa kwake, kwa mwiko wa mpini mnene. Zikifika mezani bado ni chapati za mama, na si kwa kumfariji, kwa sababu ujuzi wa chapati uko kichwani na katika ulimi. Isitoshe mnapata saa mbili za watu wote kuwa jikoni wakichekana, jambo ambalo nyumba nyingi zenye afya hazina.

Ugali ni shauri lingine. Kusonga ugali wa watu sita kunataka nguvu ambayo vidole hivi havina, na sufuria ya moto ikiponyoka ni ajali. Hapa bwana aingie. Mabwana wengi walisonga ugali walipokuwa makapera mjini, na arusi haikuwasahaulisha.

Vitu vingine ni vya kutengeneza mara moja tu. Mpini wa kisu na wa mwiko uviringwe vitambaa au mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka uwe mnene. Kushika kitu kinene kunaumiza kidogo kuliko kushika chembamba. Sufuria ibebwe kwa viganja viwili, na isijazwe. Badala ya mtungi wa lita 20, tumieni wa lita 5, hata kama ni safari nyingi, na safari hizo ni za watoto. Jiko liinuliwe hadi urefu wa meza. Choo cha shimo ni tatizo ambalo watu huona haya kulitaja: mwenye magoti mabaya hawezi kuchuchumaa, kwa hiyo hupunguza kula na kunywa ili asiende. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kwa nusu siku. Na kama bibi alipenda shamba lake, jazeni udongo na mbolea kwenye gunia lililosimama, toboeni mashimo pande zote, mpande sukuma wiki. Atachuma bila kuinama.

Kupanga siku upya

Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa juu ya asubuhi. Mama anaamka saa kumi na moja, na asipoamka nyumba nzima imelala. Baridi yabisi inapindua utaratibu huo, nanyi msishindane nayo. Kupeleka watoto shule iwe kazi ya bwana au ya mtoto mkubwa. Bibi aletewe beseni la maji ya vuguvugu, aloweke mikono kama dakika kumi, akifungua na kufunga vidole polepole. Anayeleta beseni hilo akiwa bwana mwenyewe, kabla hajaenda kazini, ameanza siku vizuri kuliko aliyeacha pesa mezani.

Raha nazo zihamie saa ambazo mwili unaziruhusu. Chai ya saa kumi nje ukutani, jua likipiga mgongo, inaweza kuwa ndiyo saa yenu. Wageni waje alasiri. Sala ya jamaa kama ilikuwa ya alfajiri iwe ya jioni, na asiyeweza kupiga magoti akae. Misa ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kukutana kwake ili asitembee mbali, mradi wanajumuiya wabebe viti wenyewe. Halafu kuna ile salamu ya amani kanisani. Sisi Wakenya tunapeana mikono kama watu wanaovuta kamba, na kwa mwenye vidole hivi salamu hiyo ni mateso. Ainamishe kichwa akitabasamu, au atoe kiwiko. Akikunyima mkono usifikiri ana kiburi.

Chumbani

Juu ya jambo hili watu hunyamaza, halafu hudhani mwenzao amepoa. Bibi anaogopa kukumbatiwa kwa sababu anaumia, naye bwana anaogopa kumuumiza. Kila mmoja analala ukingoni mwa kitanda akifikiri hatakiwi. Ni heri kusema. Alfajiri si wakati mzuri kwa tendo la ndoa, viungo vikiwa vimekakamaa, wala usiku sana baada ya siku ndefu. Baada ya kuoga maji ya moto, dawa ya maumivu ikiwa imemezwa saa moja mbele, na mito ikiwekwa chini ya magoti au nyonga, mambo huwa mepesi. Siku isiyowezekana, kumpaka mafuta mikononi taratibu huku mkizungumza mambo ya watoto ni unyumba pia.

Mimba ina habari zake. Kwa kina mama wengi ugonjwa hutulia wakati wa ujauzito, halafu hurudi kwa nguvu katika wiki au miezi baada ya kujifungua, wakati ule ule wa kubeba mtoto na kukamua nepi. Jipangeni mapema nani atakuwa nyumbani.

Dawa nayo ni ya wote wawili kujua. Inayotumiwa sana ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na walioimeza kila siku kwa kutoelewa wameumia vibaya, wengine wakafa. Chagueni siku moja na kuiandika kwenye kalenda ya ukutani. Huenda pamoja na vidonge vya foliki, na damu hupimwa kila baada ya muda ili kulinda ini. Inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo daktari aambiwe mapema mnapotaka mtoto, abadilishe dawa kabla. Mnaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi mwambieni waziwazi, achague dawa akijua. Prednisoloni huleta nafuu ya haraka hata mtu akadhani amepona. Kuinunua dukani mwezi baada ya mwezi bila daktari hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, na kuiacha ghafla ni hatari. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki hupunguza uchungu tu, havizuii viungo kuharibika, na vikizidi huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Tumesema sana juu ya bibi, lakini mabwana nao huugua. Fundi asiyeweza tena kukaza spana huona amekwisha, na wengi hukimbilia pombe, ambayo pamoja na dawa hii huharibu ini. Swali kwake ni lile lile: kazi gani ibaki yako? Yuko anayebaki na hesabu za nyumba, na yuko anayekaa na watoto wakisoma jioni huku mama yao akienda chamani.

Kabla ya toleo lijalo tunawapa zoezi. Chagueni alasiri moja ambayo mikono haiumi sana, mkiwa wawili tu, redio imezimwa. Mgonjwa ataje kazi moja aliyonyang'anywa ambayo anaitaka irudi, na moja ambayo amekuwa akiifanya kwa kujikaza ambayo angefurahi kuiacha. Mzima naye aseme ni kitu gani amekikosa tangu ugonjwa uingie, bila kulaumu. Kisha mtafute saa ya chai yenu ni ipi, na nani atachemsha maji.