Shauri la Mangi Meli

Ndugu msomaji, mtu akisingiziwa na kuuawa, je, shauri lake limekwisha? Soma habari hii ya Old Moshi.

Meli alikuwa Mangi wa Moshi. Baba yake, Mangi Rindi, alifariki mwaka 1891. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia Meli. Watu wa Meli waliwashinda, na mkuu wa askari, von Bülow, aliuawa. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa. Safari hii Meli alishindwa. Akabaki mangi chini ya utawala wao.

Miaka ikapita. Mkuu wa boma la Moshi alikuwa Nahodha Johannes. Aliambiwa kwamba Meli na wamangi wengine wanakula njama. Ilisemwa wameungana na Waarusha na Wameru ili wawapige Wajerumani. Johannes aliyaamini maneno hayo. Tarehe 2 Machi, 1900, watu 19 walinyongwa Old Moshi. Meli alikuwamo. Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha walikuwamo pia.

Je, njama hiyo ilikuwapo kweli?

Miaka mingi baadaye, mwandishi mmoja, Bibi Kathleen Stahl, aliitafuta historia ya Wachaga. Hakuridhika na maandishi ya Wazungu peke yake. Aliwauliza wazee wa sehemu mbalimbali za mlima. Kitabu chake kilitoka mwaka 1964. Aliandika kwamba shauri hilo lilitokana na fitina. Masimulizi yanamtaja Mangi Marealle wa Marangu. Yeye alikuwa mshindani wa Meli na rafiki wa Johannes.

Hebu sasa tulipime shauri hili sisi wenyewe.

Kwanza, nani alishtaki? Ikiwa ni mshindani, maneno yake yapimwe kwa uangalifu.

Pili, nani angefaidika? Wamangi wakubwa wakifa, mshindani wao hupata nguvu.

Tatu, ushahidi ni upi? Ni kweli Meli alipigana mwaka 1892. Lakini vita vya mwaka ule si ushahidi wa njama ya mwaka 1900. Kosa la jana halithibitishi kosa la leo.

Shauri hili bado lina uchungu. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba mafuvu matatu waliyoyapima yana ndugu walio hai Tanzania. Moja ni la Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikuwamo.

Ndugu msomaji, masimulizi ya wazee ndiyo yaliyolihifadhi shauri hili. Sasa wewe unajua kuandika. Chukua daftari, umwendee mzee wa kijiji chako. Andika anachosema, jina lake na tarehe. Mzee mwingine akisema tofauti, andika hayo pia. Usichague upande kabla ya kusikia pande zote.

Maneno mapya

fitina: maneno ya kugombanisha watu
njama: mpango wa siri wa kufanya jambo baya
ushahidi: jambo linaloonyesha kuwa neno ni kweli

Maswali

1. Meli alishtakiwa kosa gani?
2. Bibi Stahl aliwauliza akina nani?
3. Kwa nini vita vya mwaka 1892 si ushahidi wa njama?
4. Zungumzeni darasani: Kahawa ya jirani imeibwa, na mtu mmoja ametajwa. Mtauliza nini kabla ya kumhukumu?