Bustani ya kipupwe huanza mvua zikingali zinanyesha

Huku Masagati, sehemu ya juu ya Bonde la Kilombero, mwezi wa sita ukiingia watu wote tuko kwenye mpunga: kuvuna, kupiga, kupepeta, kubeba. Bustani ya nyumbani inasahaulika. Ikija kukumbukwa mwezi wa nane, udongo umeshapasuka, fungu la mchicha limepanda bei, na watoto wamechoka na dagaa. Kwangu tunakula mboga za majani kipupwe chote kwa sababu bustani naianza mwezi wa tano, mvua hazijakatika.

Bonde la Kilombero lina msimu mmoja mrefu wa mvua. Ukiisha, mpaka Novemba huko usitegemee mvua ya maana. Lakini ardhi inakuwa imeshiba, na kazi yote ya bustani ya kipupwe ni kuyalinda maji hayo yasipotee. Wabena na Wahehe wa nyanda za juu wanalijua hilo tangu enzi za mababu. Ndiyo maana wana vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki.

Ila usiteremke kulima ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Maji ya huku juu ndiyo yanayoulisha mto Kilombero, na ardhioevu ya bonde hili imo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2002. Ukingo ukilimwa, masika yakija udongo wote unakwenda na maji. Nyuma ya nyumba panatosha.

Masika tunainua matuta ili maji yatoke. Kipupwe tunafanya kinyume chake: tunachimba vijaruba vidogo, kama vya mpunga, ili kila tone libaki kwenye shina. Upana uwe mita moja, uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Ichukue kiganjani uifinye: isiwe na joto, isinuke, ivunjike kama udongo wa msituni. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Sasa matandazo, na hapa naomba unisikilize. Wakati huohuo tunapovuna, mashamba yamejaa mabua ya mpunga, na wengi wetu tunayachoma moto. Tusichome! Yabebe uyatandaze kwenye vijaruba, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Nenda saa saba mchana jua likiwa kali, funua mabua na uguse chini. Udongo ni wa baridi, mweusi, unashikana, na minyoo inajikunja ikikimbia mwanga. Hatua moja pembeni, pasipo na matandazo, ni vumbi. Ukishaliona hilo hutachoma bua tena.

Baridi nayo ina mambo yake. Chainizi, kabichi, sukuma wiki, karoti na vitunguu vinaipenda, kwa hiyo hizo ndizo za kutangulia. Bamia na pilipili zinadumaa, zisubiri joto. Mbegu za nyanya huchelewa kuota, hivyo kitalu chake kiweke upande unaopata jua la asubuhi, ukifunike kwa nyasi, na ziondoe nyasi mara tu unapoona miche inachungulia. Ukichelewa, miche inarefuka na kuwa myembamba kama uzi. Miche ikiwa tayari, ihamishie bustanini jioni.

Mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni majani yanalala na maji usiku wa baridi, na ukungu unayapata, hasa ya nyanya. Mwaga polepole chini kwenye shina kwa kopo lililotobolewa, udongo unywe. Maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage uani, yapeleke bustanini.

Mvua zikishakatika, vidukari wanaanza. Geuza majani machanga ya chainizi kila unapochuma. Ukiona yamejikunja na kunata, wamo. Wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jua likishapoa. Kwenye nyanya muogope kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda, aliyeingia nchini mwaka 2014. Jani lenye michirizi au tunda lenye tundu, ling'oe ulifukie chini sana. Usilitupe pembeni mwa bustani, atarudi.

Na jenga ua mapema. Mpunga ukishavunwa, ng'ombe na mbuzi wanaachiwa mashambani, na kitu kibichi pekee wanachokiona ni bustani yako. Matete yaliyofumwa kwa karibu yanatosha, na kuku pia hawapiti.

Mwishoni mwa Agosti joto likianza kurudi, ng'oa chainizi zinazotoa maua, uweke bamia na kunde mahali pake. Mashina matatu manne ya mchicha wenye afya uyaache yazae mbegu. Zikikauka zipukutishe kwenye ungo, uzihifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko pamoja na jivu kidogo, mbali na moshi wa jikoni. Hizo ndizo za kusia mwezi wa tano.