Mazungumzo ya Wasia baina ya Mume na Mke

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tuliulizwa darasani: Je, yafaa mume na mke kuketi wakazungumza juu ya wasia hali wote wawili ni wazima? Jawabu yetu ni kwamba yafaa, na kwa watu wa Shimoni, ambao wengi wao riziki yao yatoka baharini, halitaki kuahirishwa.

Twajua ya kuwa wengi huona kutaja wasia ni kujiitia mauti. Mke akianza yeye maneno hayo, huambiwa kuwa ana haraka ya kurithi. Fikira hii haina asli katika dini. Katika hadithi ya Ibn Umar waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Mafunzo haya hayakuhusishwa na mgonjwa wala mzee.

Wasia si kugawanya mirathi. Mafungu yamekwisha kuwekwa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mume akiacha mtoto, mke hupata thumni. Asipoacha, hupata rubui. Na wakiwa wake wawili, hushirikiana katika fungu hilo hilo. (Basi mwenye mke mwingine Vanga au Tanga ambaye nyumba ya kwanza haina habari naye, na aseme leo, matangani si mahali pa kujuana.) Lakini aya hizo hizo zasema kuwa mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Na ni nani ajuaye deni la mtu kuliko yule aliyeishi naye?

Tutoe mfano. Mume ataka mashine ya boti, fedha hazimtoshi. Mke avua bangili zake za dhahabu, zauzwa shilingi 160,000, mashine yanunuliwa. Miaka yapita, mume afariki akiacha watoto. Je, fedha zile zilikuwa karadha, au ushirika, au hiba? Ikiwa karadha, mke ni mdai, hulipwa kwanza zote. Ikiwa ushirika, sehemu yake katika mashine si mali ya maiti. Ikiwa hiba, hana dai. Jambo hili walijua watu wawili tu, na mmoja yumo kaburini. Pasipo maandishi wala shahidi, mashine yote huhisabiwa kuwa ni mirathi, na mjane hupewa thumni ya fedha zake mwenyewe, yaani shilingi 20,000. Zile 140,000 zakwenda kwa warithi wengine. Hapo sheria haikumdhulumu. Kimya cha nyumbani ndicho kilichomdhulumu.

Mahari yasiyolipwa nayo ni deni. Wajane wangapi huona haya kuyataja mbele ya mashemeji! Mume mwema huandika kwa mkono wake: mke wangu anidai kadha wa kadha.

Liko na neno jingine, nalo hupendwa sana usiku: “Mama watoto, nyumba hii ni yako.” Mke alala ameridhika, naye hakupewa kitu. Ikiwa makusudio ni hiba, katika madhehebu yetu ya Shafii hiba haitimii ila kwa kukabidhiwa, na wakati wake ni katika uhai. Ikiwa makusudio ni wasia, mke ni mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenziwe waridhie baada ya mauti. Mume mkweli na ampe hiba mbele ya mashahidi na kumkabidhi, bila ya kukusudia kuwanyima wengine haki yao.

Wasia wa mali una mahali pake, nao ni thuluthi, na Saad bin Abi Waqqas aliambiwa kuwa hata hiyo ni nyingi. Yafaa wapewe wasiorithi: mtoto wa kulea, mzazi asiye Mwislamu, au wajukuu ambao baba yao alitangulia na ami zao wako hai. Misri, kwa sheria ya mwaka 1946, imewalazimishia wasia wajukuu mayatima. Kwetu jambo hili limeachwa katika moyo wa babu na bibi. Basi na walizungumze.

Wala mke asidhani kuwa wasia ni wa wanaume. Dhahabu yake, minazi aliyorithi, fedha zake za chama, zote ni zake. Naye akifa akiacha mtoto, mume ana rubui tu.

Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilirekebishwa mwaka 1990 ili mali ya Mwislamu irithiwe kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba ya mwaka 2010 imeihifadhi mahakama ya Kadhi. Lakini Kadhi huhukumu kwa ushahidi. Andikeni, basi, tarehe, madeni mnayodaiwa na mnayodai, amana za watu, na thuluthi ikiwapo. Washuhudie watu wawili waadilifu wasio warithi. Nakala moja ikae nyumbani mahali wote wawili wapajuapo, na ya pili kwa mtu mwaminifu.

Darasa lijalo, inshaallah, tutaeleza habari ya wakfu.