Kikumi au Probox? Ushauri kwa mfanyabiashara wa mpakani

Dada mmoja wa Busia, upande wa Kenya, hununua mahindi Tororo. Magari mawili yanamvuta: Toyota Corolla AE100, ambayo Waganda huiita Kikumi, na Toyota Probox ya toleo la kwanza. Fundi wetu anamjibu.

Swali: Fundi, ipi ina nguvu zaidi?

Jibu: Dada yangu, hazipishani sana. Kikumi ya injini 5A-FE, cc 1498, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 105. Probox ya 1NZ-FE, cc 1497, ina 109. Farasi wanne hawatakupandisha mlima.

Swali: Basi nichukue yoyote?

Jibu: La, mzigo ndio unaoamua. Kikumi ni gari la abiria. Ukijaza buti, mkia unakaa chini, pua inainuka, na usiku taa zinamulika vilele vya miti. Probox ilitoka mwaka 2002 kwa ajili ya mizigo: nyuma ina ekseli moja nzima, na viti vikilazwa unapata sakafu tambarare. Kipimo chake ni kilo 400 mkiwa wawili mbele. Magunia manne ya kilo 90 ni kilo 360, umefika. Mkiwa watano, zinabaki kilo 250, yaani magunia mawili tu. Najua unaziona barabarani zimebeba maradufu. Nakuomba usiige, breki hazikutengenezewa uzito huo, na barabara hii unaigawana na malori ya mafuta.

Swali: Na injini ipi inavumilia?

Jibu: Kikumi hutumia mkanda wa taimingi, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari linazima, lakini kwa kawaida valvu hazigongi pistoni. Unafunga mwingine, safari inaendelea. Probox ina cheni, na cheni huishi kwa oili safi. Ikilegea hadi kuruka meno, valvu zinapinda.

Kwa hiyo nenda kuiona asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili: rudisha kifuniko, aga, uondoke. Ikiwa safi, iwashe usikilize upande wa cheni. Mkwaruzo wa chuma usiupuuze.

Swali: Nimepata Kikumi ya bei nafuu Tororo, ina namba za Uganda.

Jibu: Hapo ndipo wengi wanapotumbukia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na AE100 zilianza kuuzwa 1991. Hutaweza kulisajili huku. Gari la Uganda huingia Kenya kwa kibali cha muda na bima ya kuvukia mpaka, si kulala uani kwako mwaka mzima.

Kwa kazi yako, tafuta Probox ya cc 1500 yenye namba za Kenya, na uende na fundi asiyejuana na muuzaji.