Mshenga Hakai Ndani ya Ndoa

Mdogo wangu, kwanza hongera. Barua ya kazi ya Dubai imefika, mama ameshawapigia mashangazi wote, na wewe moyo hauko hapa tena. Kampuni nayo imekutuliza zaidi: usiwe na shaka, kuna watu tumewalipa wakupokee, wakutafutie nyumba, wakuhangaikie makaratasi. Basi umelegea, unasema yamekwisha. Hebu kaa chini kidogo.

Hao watu ni msaada wa kweli, sikatai. Mji ule una milango yake, na kila mlango unafunguliwa na karatasi ya mlango uliotangulia. Bila mkataba wa pango uliosajiliwa kwenye mfumo wa serikali uitwao Ejari, DEWA, shirika la umeme na maji, hawakuwashii umeme wala kukufungulia maji. Bila kitambulisho cha Emirates, mambo ya benki yanakuwa nenda rudi. Mtu anayeijua njia atakuepushia machozi mengi. Ila mshenga hakai ndani ya ndoa. Akishakukabidhi funguo anakwenda kwa mgeni mwingine, na sahihi iliyobaki kwenye mkataba ni yako.

Kwa hiyo uliza mapema, na uulize kwa maandishi. Hoteli ni ya siku ngapi? Tiketi ya mume au mke na watoto imo? Amana ya nyumba analipa nani? Ada ya dalali je? Na kubwa kuliko yote: ukiacha kazi kabla ya mwaka, utadaiwa gharama za kuhamishwa? Kampuni nyingi huweka kipengele hicho mwishoni kabisa, mahali ambapo mtu mwenye furaha hasomi. Najua unaogopa kuonekana mkorofi kabla hata hujaripoti. Wote huogopa. Lakini afisa utumishi hajibu maswali hayo kwa mara ya kwanza, na kuuliza si ujinga.

Tena nikuonye jambo moja bila kupepesa. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na pasipoti yako si mali ya kukaa kwenye droo ya bosi. Akitokea mtu anayejiita wakala wa kukuhamisha, akakudai pesa ya kibali cha kazi, au akakwambia njoo na viza ya matembezi tu, mengine tutayamalizia huku, mdogo wangu, usibishane naye. Ondoka.

Vyeti navyo usivisahau. Cha chuo, cha ndoa, vya kuzaliwa vya watoto: vipitishe Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao, ungali nyumbani. Nawajua nyinyi, mnasema nitavituma baadaye. Baadaye ndiyo ile unamlilia mdogo wako akakimbizane na mihuri mjini huku viza ya mwanao imekwama.

Sasa nyumba, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kodi ya Dubai hutajwa kwa mwaka, na mara nyingi hulipwa kwa hundi chache za tarehe za mbele. Chukua nyumba ya dirham 60,000. Dalali huchukua kama 5%, hiyo 3,000. Amana ya nyumba isiyo na samani, 5% nyingine, 3,000. Amana ya DEWA kwa fleti, 2,000. Mkikubaliana hundi 4, ya kwanza ni 15,000. Jumla 23,000, hujalipa ada ya Ejari wala hujanunua godoro, na mshahara ni mpaka mwisho wa mwezi! Kisha kila bili ya DEWA inakuja na ada ya manispaa ya nyumba, 5% ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi, kwako wewe 250. Na hundi isichezewe. Tangu 2022, hundi ikikosa fedha mwenye nyumba anaweza kwenda nayo moja kwa moja mahakamani kukazia malipo.

Ndiyo maana nakusihi usisaini siku ya kwanza. Huyo mtu aliyelipwa kukupokea atakuzungusha kwenye gari lenye kiyoyozi, nyumba nne mchana mmoja, na zote zitakupendeza kwa sababu umechoka. Rudi peke yako. Shuka kituo cha metro, tembea mpaka mlangoni na jua lile, uone kama utaweza mwezi wa nane. Uliza gharama ya kupoza hewa imo kwenye kodi au ni bili ya pembeni. Watakuambia kukaa Sharjah, mji jirani, ni nafuu, na kweli kodi ni nafuu. Ila safiri kwanza kutoka kule kuja Dubai asubuhi ya siku ya kazi, ndipo useme nafuu. Haraka haraka haina baraka, na mkataba wa mwaka ni wa mwaka.

Liko na jambo lisiloandikwa kwenye mkataba wowote. Wiki za mwanzo zitakuwa tamu, kisha jioni moja upweke utakukalia kifuani. Kule nyumbani wanaona picha za maghorofa, wanaomba ada, wanaomba bati, nawe unaona aibu kusema bado unalala chini. Sema. Ukinyamaza utakopa ili uonekane umefika, na deni la ugenini halina shangazi wa kukuombea. Waambie miezi ya kwanza hutumi kitu. Watanuna, watazoea. Jumamosi nenda Deira, hukosi kusikia Kiswahili. Jiandikishe kwenye ubalozi mdogo wa nchi yako. Tafuta msikiti wako au kanisa lako. Kazi hiyo hakuna wakala atakayekufanyia.

Haya, nimesema sana, na nimesema kwa kuwa nakupenda. Mwandikie afisa utumishi leo hii, kabla hujaanza kuuza kitanda na friji. Majibu yakija nusunusu, muulize tena.