SOMO KWA WAOMBAJI KAZI: KUTAJA MSHAHARA KATIKA USAILI WA DUKANI

Muombaji kazi ya uuzaji dukani aulizwapo mshahara anaoutaraji, asijibu "wowote mtakaonipa". Jibu hilo humfunga kabla hajaajiriwa. Inampasa kwanza akijue kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya mwaka 2005, kisha akokotoe gharama zake. Kwa mfano, nauli ya shilingi 1,600 kwa siku hufikia shilingi 41,600 kwa siku 26 za kazi. Aulize pia iwapo kiasi kinachotajwa ni kabla ya kukatwa mchango wa ZSSF, na iwapo upungufu wa bidhaa hukatwa mshaharani. Makubaliano yote yaandikwe katika mkataba; mali bila daftari hupotea bila habari.